Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Akili Unde Kazini na Sheria ya Ajira Nchini Kenya

Ndugu wanachama,

Swali moja limefika mezani mwa kamati mwaka huu kwa sura nyingi: programu ya akili unde (AI) ikipendekeza mtu aachishwe kazi, asiajiriwe au anyimwe marupurupu, nani anawajibika? Sheria ya Ajira ya 2007 haiijui programu, inamjua mwajiri. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumwachisha mtu kazi, nayo iwe sababu aliyoiamini kwa dhati wakati alipoamua. Imani hiyo haiwezi kuwepo ikiwa hakuna binadamu aliyefungua faili akaisoma. Nimeona taarifa hii itulie hapo. Hesabu za fedha na orodha ya wanachama wapya zimo katika ripoti za mweka hazina na katibu.

Kupunguza wafanyakazi

Kosa linalojirudia ni barua zinazosema tu kwamba kampuni "inaboresha huduma kwa teknolojia". Hiyo si sababu ya kumpunguza mtu. Kifungu cha 40 kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wapewe notisi ya angalau mwezi mmoja inayoeleza sababu na kiwango cha upunguzaji. Asiye mwanachama wa chama huandikiwa yeye binafsi, pamoja na afisa wa leba. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mwezi huo ni wa kushauriana. Mwajiri anayetuma notisi Jumatatu kisha Ijumaa akazima kadi za mlangoni amekwisha kujifunga mwenyewe.

Kabla ya kuandika notisi hiyo, jiulizeni: kazi imekwisha, au imebadilika? Chukulieni kituo cha kupokea simu. Programu inajibu maswali ya salio na kubadilisha nywila, lakini malalamiko ya pesa zilizopotea bado yanamfikia mtu. Kazi ya mhudumu haijatoweka, imepungua upande mmoja na kuwa nzito upande mwingine. Hapo kinachotangulia ni kifungu cha 10(5): mwajiri ashauriane na mwajiriwa, arekebishe mkataba, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Ikiwa kweli nafasi zinapungua, wekeni mezani hesabu ya simu kwa siku, angalau miezi mitatu kabla ya programu na mitatu baada yake, simu za malalamiko zikitengwa na zile za salio. Bila hesabu hiyo hamtakuwa na la kumjibu afisa wa leba.

Kuhusu nani abaki na nani aende, sheria imetaja vigezo: muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka. Wapo wanaoiachia programu ipange majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, halafu wanakata mstari. Programu nyingi za aina hii hupima kasi. Mhudumu anayepewa malalamiko magumu huzungumza na mteja dakika 20, mwenzake wa maswali ya salio dakika 2, na mashine humweka yule wa malalamiko mkiani. Aliye mkiani huenda ndiye mnayemhitaji zaidi. Kila jina lipitiwe na msimamizi anayeijua kazi, naye aandike sababu kwa mkono wake chini ya kila kigezo.

Malipo nayo yanakosewa sana, kwa hiyo naweka mfano kamili. Mhudumu analipwa shilingi 45,000 kwa mwezi, ametumikia miaka 6 na miezi 4, na hajachukua likizo ya miezi 4 ya mwisho. Malipo ya kupunguzwa ni angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika: siku 90. Mshahara ukigawanywa kwa 30, siku moja ni shilingi 1,500, hivyo anapata 135,000. Mwezi mmoja badala ya notisi ya kuachishwa ni 45,000. Likizo ya siku 21 kwa mwaka inampa siku 7 kwa miezi 4, yaani 10,500. Jumla ni 190,500, mbali na mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo. Mkataba wenu ukigawanya kwa siku 26, malipo ya kupunguzwa peke yake yanafika takriban 155,769. Someni mkataba kwanza. Wapo pia wanaodhani kwamba notisi ya mwezi kwa chama na afisa wa leba inatosha kuwa notisi ya mwisho ya mwajiriwa. Ni vitu viwili.

Wanaodhani mashauriano ni kupoteza wakati wakumbuke Kericho, Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipoteketezwa na waandamanaji. Hasira ya mtu anayeona mashine ikiingia shambani bila yeye kuulizwa haitulizwi na notisi peke yake.

Nidhamu kwa ushahidi wa mashine

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na linaweza kuharibu maisha ya mtu. Programu nyingi za kufuatilia mahudhurio huhifadhi saa kwa majira ya dunia (UTC), ambayo yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anaingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kumbukumbu ghafi zinasema aliingia saa moja jioni, akatoka saa tisa usiku. Programu iliyoambiwa zamu inaisha saa kumi na mbili inamwandika mtoro wa saa tatu kila usiku. Baada ya wiki mbili mfumo unatoa barua ya kujieleza, na afisa anaitia sahihi bila kuuliza kwa nini mtoro huyo anawahi kuingia kwa saa tatu zilezile.

Umeme ukikatika au mtandao ukianguka mambo ni hayohayo: mashine huandika "hakuwa kazini" na haijui kwamba taa zilizimika jengo zima. Kabla ya barua ya kujieleza kutoka, linganisheni kumbukumbu na daftari la mlinzi wa lango, taarifa ya fundi wa mtandao na ratiba ya zamu. Tofauti ya saa tatu kamili iwashtue mara moja.

Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe shutuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kumkabidhi kurasa za michoro na alama zilizochapwa na mfumo si kumweleza. Na kesi ikifika mahakamani, kumbukumbu za kompyuta zinahitaji hati ya uthibitisho chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, itolewe na mtu anayehusika na mfumo. Ikiwa aliyewauzia programu yuko ng'ambo, mkataba wa ununuzi useme tangu mwanzo nani atatia sahihi hati hiyo. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Kuajiri na data

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Ziko hali zinazoruhusu uamuzi wa aina hiyo, ikiwemo ridhaa, lakini ridhaa ya mtu anayetafuta kazi ni dhaifu, kwani hana nafasi ya kukataa. Mtu anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya na binadamu. Huyo binadamu awe na mamlaka ya kuubatilisha. Karani wa kugonga muhuri hatoshi.

Ubaguzi hujificha kwenye mchujo wa barua za maombi. Mfumo uliofunzwa kwa orodha ya walioajiriwa zamani hujifunza majina ya ukoo, shule na kaunti, na nchini kwetu hayo matatu yanatosha kukisia kabila. Kufuta sehemu ya kabila kwenye fomu hakuondoi lolote. Jaribio rahisi: chukueni maombi 20, badilisheni majina na kaunti pekee, yapitisheni tena. Alama zikisogea, zimeni mchujo huo, kwani kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamwachia mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Tathmini ya athari kwa data, yaani uchunguzi wa madhara ambayo mfumo unaweza kuwaletea watu ambao data zao unazitumia, hufanywa kabla ya mfumo kuwashwa, na ripoti yake hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla. Wanachama wengi huikumbuka baada ya malalamiko.

Wanaotegemea wakandarasi wa kuchuja maudhui au kuweka alama data wafahamu kwamba Septemba 20, 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa Meta, kampuni mama ya Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya na waliokuwa wachujaji wake, ingawa waliajiriwa kupitia kampuni nyingine. Umbali wa makao makuu si ngao tena.

Pendekezo kwa mkutano mkuu

Kamati inapendekeza kipengele hiki kiingie katika mikataba ya makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi: "Hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa, kupunguzwa au kunyimwa cheo kwa matokeo ya mfumo wa kompyuta, isipokuwa afisa aliyetajwa kwa jina na cheo awe ameyakagua matokeo hayo, amemsikiliza mfanyakazi, na ameandika sababu zake mwenyewe." Wenye marekebisho wayalete kwa katibu kwa maandishi kabla ya mkutano, hasa wanachama walio kwenye viwanda na hospitali zenye zamu za usiku.

Mwenyekiti