Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ada, Mahudhurio na Kijitabu cha Forodhani

Assalaam alaykum ndugu wanachama, wazee wetu na mama zetu.

Mkutano huu uliitwa saa kumi alasiri. Sasa inakaribia saa kumi na moja u nusu, na viti vilivyokaliwa nimevihesabu mwenyewe: 19. Wanachama daftarini ni 84. Mwaka jana tulikuja 31 nikalalamika. Laiti ningejua, ningeshukuru.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tumesafisha ufukwe mara tatu, tumewatembeza watoto wa skuli mbili kutoka Ngome Kongwe hadi Makumbusho ya Kasri, tumefutari pamoja, na tumewazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Fedha zilizoingia ni shilingi 1,460,000, zilizotoka 1,395,000. Mchanganuo anao mweka hazina.

Sasa nije kwenye kijitabu chetu cha historia ya Forodhani, bustani yetu ya ufukweni hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, maana najua ndicho kilichowatoa majumbani hata hao 19.

Inasemwa mabarazani kuwa mwenyekiti kaiaibisha Forodhani kwa kuweka kwenye jalada picha ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash linaloikabili bustani, likiwa limeporomoka, badala ya ile picha nzuri ya mnara na saa yake. Tena inasemwa niliamua peke yangu. Kamati niliiita mara mbili. Mara ya kwanza tulikuja watatu, mara ya pili wanne, na mmoja katika hao wanne alikuja kuulizia mchango wa harusi. Mpiga chapa anataka jibu, bei ya karatasi inapanda. Nyinyi mngefanyaje?

Picha nayo ina sababu zake. Tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Kijitabu cha historia ya Forodhani kitakachoficha jambo hilo kitakuwa kipeperushi cha hoteli. Na wanaosema tumemvunjia heshima Sayyid Barghash kwa kuuonyesha mnara wake chini, niwakumbushe kwa adabu kwamba mnara ule si wake. Yeye alijenga jumba mwaka 1883 na akafariki 1888. Mbele ya jumba wakati huo ulisimama mnara wa taa, mbali na ukuta. Tarehe 25 Agosti 1896 akafariki Sultani Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na saa tatu asubuhi ya tarehe 27 manowari za Waingereza zikaanza kupiga. Saa nzima haikutimia. Beit el-Hukm, jumba la jirani, likaharibika lisifae tena, mnara wa taa nao ukaenda. Mnara wa saa tuliouzoea ulikuja baada ya hapo, ukaunganishwa na uso wa jumba. Kwa hiyo tunaulilia, sawa, lakini tujue tunalilia nini. Haya yote yamo ukurasa wa 9. Nina shaka waliosaini barua ya kulalamikia jalada hawakufika huko.

Lawama ya pili ni ya mahali historia inapoanzia. Baadhi ya wazee wanauliza kwa nini tumeandika kuwa bustani ilifunguliwa 1936 kwa jubilei ya Sayyid Khalifa bin Harub ya miaka 25 ya utawala, na vijana wanauliza kwa nini hatukuanzia hapo hapo. Hatukuanzia hapo kwa sababu hata neno Forodhani linatuambia kulikuwa na kazi nyingine: forodha, mabohari, mizigo. Garimoshi la Bububu nalo lilikuwa likipita mbele ya Ngome, mwanzoni mwa karne ya 20. Ngome yenyewe Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, pahala palipokuwa na kanisa, na baadaye ikawa jela. Nikiacha moja nalaumiwa, nikiweka yote nalaumiwa. Nimeweka yote. Hata ukarabati wa 2009 uliofanywa na Mfuko wa Aga Khan nimeuweka, ingawa kuna mwenzetu hapa bado anadai urojo wa kabla ya hapo ulikuwa na ladha zaidi.

Kibanda cha beni katikati ya bustani nimekipa ukurasa mzima. Huo nakiri ni upendeleo wangu. Marehemu baba alikuwa akinikalisha pale na muwa uliomenywa, tunatazama vijana wakichupa baharini kutoka ukutani.

Nakala 300 ziligharimu 900,000. Humo mna 150,000 zilizotoka mfukoni mwangu. Sijarudishiwa na sidai. Nataja ili katibu aandike.

Ada ni 20,000 kwa mwaka, haifiki elfu mbili kwa mwezi. Waliolipa ni 37. Waliobaki 47 wanadaiwa jumla ya 940,000, hiyo ni ya mwaka huu tu. Wenzetu saba walisaini barua ya kulalamikia jalada, na barua nimeipokea kwa heshima zote. Watano kati yao wamo katika hao 47. Majina sitayataja. Wamo humu wawili, wengine hawakuja.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya matembezi mengine ya skuli, kuangalia uwezekano wa kibao cha maelezo pale bustanini, na kuchapisha tena iwapo hali itaruhusu. Kuhusu jalada la chapa ya pili, niko tayari kusikiliza, kamati ikitimia.

Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Viti ni vya kuazima, vinarudi kwa wenyewe kabla ya magharibi.