Barua ya malalamiko: Meza yenu ya mninga imetoka msitu gani?

Kwa Meneja Mauzo,
Kampuni ya Samani,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MEZA YA MNINGA ISIYOJULIKANA ILIKOTOKA, NA KAULI YA OFISA WENU KUWA "WATANZANIA HAWAJALI"

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenu meza ya chakula ya mninga pamoja na viti vyake, nikalipa fedha yote na kupewa risiti ya EFD. Ufundi sina neno nao. Miguu imesimama sawa na polishi imekaa vizuri. Wageni wanaisifia.

Tatizo ni kibao mlichokiweka juu ya meza hiyo pale dukani. Kiliandikwa "mninga halisi kutoka misitu ya vijiji vya Kusini, umevunwa kwa utaratibu". Kwa bei niliyolipa, fundi wa Keko angenitengenezea meza mbili na chenji ingebaki. Niliilipa kwa sababu ya maneno yale. Nilipopiga simu baadaye kuomba jina la kijiji na nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile madereva wanayoiita TP, nilianza kuzungushwa. Huduma kwa wateja walinipeleka stoo. Stoo wakanipeleka kwa mnunuzi wenu wa mbao, naye akasema mzigo ulitoka kwa dalali na karatasi anazo dalali. Nilipong'ang'ania, ofisa wenu wa mauzo akanimaliza: "Dada yangu, Watanzania hawajali mbao zimetoka wapi. Wanaangalia bei na mng'ao."

Nianze na kauli hiyo, maana ndiyo inayowafanya mnunue mbao bila kuuliza.

Kibao chenu kimetaja vijiji vya Kusini. Je, mnajua vijiji hivyo vimefanya nini? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi ya kijiji chao. Wanakijiji wa Kilwa na Liwale, huko Lindi, hawakuiacha ikae kwenye makabati ya wilaya. Watu waliitana kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wakabishana kuhusu mipaka, wakakubaliana ni eneo gani halitalimwa wala kuchomwa mkaa, wakatunga sheria ndogo na kuchagua kamati ya maliasili. Wanaofanya doria humo ni wakulima wa ufuta na korosho, wenye mashamba yao yanayosubiri palizi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unasimamiwa na kuvunwa kwa uangalifu, na ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Asiyejali hapo ni nani?

Tena watu hawa hawapingi kukata miti. Wanavuna mpingo na mninga kwa mpango: mti unapimwa, unaandikwa, gogo linagongwa nyundo ya kuliwekea alama rasmi, mnunuzi analipa, na fedha ya kijiji inajenga madarasa na kuchimba visima. Nami ningefurahi meza yangu iwe imechangia kisima. Ndiyo maana nimekasirika. Mmeliazima jina lao kupandisha bei, na mkiulizwa ni kijiji gani, hamna jibu.

Historia ya biashara hii Kusini mnaijua kuliko mimi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, malori yalipata njia na magogo yakamiminika. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilieleza kwamba serikali kuu na halmashauri zilikuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kupatikana kwenye mbao hizo, na kwamba mwanakijiji aliyekata gogo aliambulia takribani sehemu moja ya mia ya bei lililouzwa nje ya nchi. Faida kubwa ilikaa mikononi mwa watu wa kati, mbali na msitu. Kwa hiyo mnunuzi wenu aliponiambia karatasi anazo dalali, hakunituliza hata kidogo. Mninga haukui kwa msimu. Huchukua miongo mingi hadi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na aliyeuiba kijijini ameiba mavuno ya watu ambao hawajazaliwa.

Mkidhani mnunuzi hana nguvu, waulizeni Waganda. Mwaka 2007 ulipoletwa mpango wa kumega takribani robo ya msitu wa Mabira, hekta zipatazo 7,100, ili zipandwe miwa, watu waliingia mitaani Kampala na wengine walipoteza maisha. Madukani wanunuzi walihamasishana kususia sukari ya kampuni iliyoomba ardhi ile. Mpango ukasitishwa. Uliporudishwa tena mwaka 2011, kelele zilianza upya. Wale walikuwa wanunuzi wa kilo moja moja ya sukari. Wateja wenu wananunua seti nzima ya sebule.

Ninachoomba hakiwagharimu kitu kama mko safi. Nipeni jina la kijiji au msitu zilikotoka mbao za meza yangu, pamoja na nakala ya leseni ya uvunaji na ya TP. Kama hamna, semeni hamna, mje mchukue meza na viti kwa usafiri wenu na mnirudishie fedha yangu yote. Vilevile kile kibao kiondoeni dukani hadi mtakapoweza kuthibitisha kilichoandikwa juu yake. Na kama mnauza mtiki wa Longuza au msonobari wa Sao Hill, andikeni hivyo hivyo. Ni mbao za kupandwa, hazina aibu, na mimi ni mmoja wa watakaozinunua.

Majibu nayataka kwa maandishi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Simu zenu nimezichoka. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka picha ya kibao na risiti Tume ya Ushindani kwa udanganyifu kwa mlaji, na suala la mbao zenyewe nitawaachia watu wa misitu walifuatilie kuanzia stoo yenu hadi kwa huyo dalali.

Wenu,
Mteja
(namba ya risiti na ya simu zimo kwenye kiambatisho)

Nakala:
Tume ya Ushindani (FCC)
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS)