Mawaridi yapogolewe kwa mvua zetu, si kwa kalenda ya Ulaya

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Machi, kurasa za bustani na video za kwenye simu hujaa somo moja: majira ya kuchipua yamefika, chukua mkasi, kata mwaridi ubaki sentimita 20 au 30 kutoka ardhini. Kwa Uingereza, Uholanzi na sehemu kubwa ya Marekani somo hilo ni sahihi. Likifuatwa Arusha, Moshi, Lushoto au Nairobi, linaua miti. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini, na tutaje nyakati na vipimo vinavyofaa bustani za nyumbani za huku.

Kwenye nchi za baridi kali mwaridi hupukutisha majani na kulala. Chakula chake hukaa kwenye mizizi na mashina ya chini, kwa hiyo ukikatwa sana mwishoni mwa baridi hupoteza kidogo. Wa kwetu haulali. Una majani mwaka mzima, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye majani na matawi hayo hayo. Ukiukata hadi sentimita 20 umeunyang'anya ghala lake. Utachipua machipukizi mawili matatu membamba, na mara nyingine upande mmoja wa shina hukauka kabisa.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ya pili ni nzito zaidi. Machi ni mlango wa masika. Majani machanga hutoka wiki 2 hadi 3 baada ya kupogoa, yaani katikati ya mvua. Ukungu wa madoa meusi huingia kwenye jani likibaki na maji kwa takriban saa 7 mfululizo, na Aprili jani hulowa usiku kucha. Ifikapo Mei mwaridi umebaki vijiti, na mwenye nyumba anaamini kwamba waridi ni ua la mashamba makubwa ya Naivasha tu.

Huku majira ya kuchipua huletwa na mkasi. Tangu siku ya kupogoa hadi ua kufunguka ni wiki 7 hadi 9 kwenye miinuko, na wiki 6 hadi 7 kwenye joto la pwani. Ukilijua hilo, unahesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka maua. Kwa maeneo yenye masika na vuli, mpogoo mkuu ni katikati ya Desemba, vuli inapokatika: machipukizi hukulia kwenye jua, maua hufunguka katikati ya Februari. Mpogoo wa pili, mwepesi zaidi, ni mwishoni mwa Julai, mawingu na baridi vikianza kuachia, upate maua mwishoni mwa Septemba kabla vuli haijaingia. Anayetaka maua ya Idi ahesabu wiki 8 nyuma kila mwaka upya, kwa kuwa kila mwaka Idi huja mapema kwa takriban siku 11 kwenye kalenda ya kawaida. Njombe na Makete, ambako mvua ni ya msimu mmoja na Juni na Julai huweza kuwa na jalidi, yaani umande ulioganda, subirini hadi katikati ya Agosti. Chipukizi likipigwa na jalidi huwa jeusi na kazi huanza upya.

Kata theluthi moja ya urefu, isizidi nusu. Anza kwa kuondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na membamba kuliko penseli. Acha mashina 4 hadi 6 yenye afya, katikati ya mti pawe wazi ili hewa ipite. Kila mkato uwe milimita 5 juu ya jicho (kivimbe kidogo panapochipukia tawi) linalotazama nje, uinamie upande usio na jicho ili maji yasitue hapo. Ukikata mbali na jicho, kipande cha juu hufa na ufu hushuka chini. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe hukauka. Mkasi uwe mkali na ufutwe kwa spiriti kati ya mti na mti, kwani bakteria wa uvimbe wa shina huingia kupitia jeraha, na hawana dawa ya kuwatoa. Wakati wa masika usipogoe. Ondoa tu maua yaliyonyauka, ukikata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano.

Macho yakianza kuvimba, lisha. Mti mkubwa utoshelezwe na nusu debe la samadi iliyooza vizuri na vijiko 2 vya chakula vya mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17, vikimwagwa kwa duara umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye shina, juu ya udongo uliokwisha loweshwa. Mbolea ikiwekwa kwenye udongo mkavu huchoma mizizi. Samadi ya kuku mbichi huchoma pia, iache ioze miezi 3. Na tunawasihi wasomaji waache urea: huleta majani mengi laini, vidukari wakajaa, na maua yakawa haba. Kiangazi mti mmoja unywe lita 10 hadi 15 mara mbili kwa wiki, asubuhi, chini ya shina na si juu ya majani. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, lakini zisiguse shina.

Juni hadi Agosti adui ni ubwiri unga, ule unaoacha jani kama limepakwa unga wa ngano. Huu hauhitaji jani lilowe. Hupenda usiku wa baridi na unyevu unaofuatwa na mchana mkavu. Mililita 100 za maziwa katika mililita 900 za maji, zikinyunyizwa kila wiki asubuhi ya jua, huuzuia vizuri zikianza mapema. Madoa meusi ni habari nyingine. Okota kila jani lililoanguka ulichome moto, na ukitaka dawa ya mankozebu, nyunyiza kwa kipimo cha kwenye pakiti kabla mvua hazijashika, maana hukinga jani zima na haiponyi lililougua. Utitiri mwekundu wa Januari na Februari hukaa chini ya jani. Maji ya nguvu kutoka kwenye mpira, siku 3 mfululizo, hupunguza wengi.

Kuhusu aina, tuna upendeleo na hatuufichi. Kwa anayeanza, 'Iceberg', jeupe, lililotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, lina miiba michache na huchanua kwa vishada. 'Queen Elizabeth' la mwaka 1954, la pinki, hufika mita 2 na hufaa kando ya ukuta. Anayetaka harufu atafute 'Double Delight' au 'Mister Lincoln'. 'Peace' la Meilland wa Ufaransa, manjano lenye wekundu pembeni, ni zuri kuliko yote tuliyotaja, ila hushikwa na madoa meusi upesi kama mawaridi mengi ya manjano, hivyo lipandwe na mtu mwenye subira ya kuokota majani.

Pwani ni vigumu zaidi, ila hakushindikani. Mchanga wa huko una minyoo fundo wanaoshambulia mizizi, na visima vingi vina chumvi inayochoma kingo za majani. Panda kwenye chungu cha lita 30 chenye mashimo, kwa udongo mwekundu, mboji na mchanga kwa kiasi sawa, ukusanye maji ya mvua. Aina zinazovumilia ni mawaridi ya asili ya Uchina, mfano 'Old Blush', ambayo kwa maumbile hayahitaji baridi. Wapo wanaoletewa na ndugu zao wa Oman vipandikizi vya waridi la Jebel Akhdar, lile la kukenekea marashi. Mlima ule una urefu wa mita 2,000 na zaidi, waridi lake huchanua mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, baada ya baridi. Unguja au Mombasa, bila baridi hiyo, litatoa majani kuliko maua. Marashi yatakuja kwa chupa. Bustanini pandeni la Kichina.

Na anayewashwa mikono ikifika Machi, akate vipandikizi, kwa sababu unyevu wa masika ndio unaovifaa. Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kupukutika, nene kama penseli, kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho 4. Kata chini kidogo ya jicho la mwisho, kwangua gome sentimita 2 upande mmoja, acha majani 2 ya juu tu. Chomeka macho 2 ndani ya mchanga wa mtoni na mboji nusu kwa nusu, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 8. Kinachoharibu ni jua kugonga chupa, ambapo kipandikizi hupikika, maji mengi, ambapo huwa cheusi kuanzia chini, na mkono unaokivuta kila siku kuona kama kimeshika. Jani jipya si ushahidi wa mizizi. Subiri hadi chipukizi lifike sentimita 10.

Shina la waridi la dukani lisitumike. Limekaa kwenye chumba cha baridi, na mti lilikotoka kwa kawaida umebebeshwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine wenye nguvu. Hata likishika, mizizi yake yenyewe huwa dhaifu. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mti uliobebeshwa achunguze chini ya kiungo. Chipukizi linalotokea hapo si la waridi ulilonunua. Fukua hadi linapoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Likikatwa kwa mkasi huacha macho yanayochipua tena mawili au matatu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo: kila makala ya bustani unayochapisha itaje mahali, mwinuko, na kama wakati huo mvua inaanza au inakatika.

Wapanda mawaridi wa nyumbani,
Arusha