Salamu za Krismasi kwa Wanasimba wa Moshi, Walioko Nyumbani na Walioko Njiani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama na vijana wa tawi,

Nawasalimu kwa heshima katika siku hizi za Desemba 2025, ambapo mabasi yanayotoka Dar es Salaam yanashusha watu usiku na mchana, na barabara za kupanda Kibosho, Uru, Marangu na Rombo zimejaa magari ya watoto waliorudi kuwaona wazazi. Kwa Wakristo wenzangu natanguliza heri ya Krismasi. Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao tangu tawi lilipoanza wamekula nasi sikukuu hii kama sisi tunavyokula nao Idi, natanguliza heri ya Mwaka Mpya. Mwaka unaoisha haukuwa mwepesi kwa nyumba nyingi za nchi hii, na wale wanaoingia sikukuu wakiwa bado na msiba nawaomba wapokee pole zangu kabla ya salamu nyingine yoyote.

Baadhi ya vijana wameniomba niandike kidogo jinsi sisi wakubwa wao tulivyoifuata Simba tukiwa huku chini ya mlima, zaidi ya kilomita mia tano kutoka Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam, yaliko makao ya klabu, katika miaka ambayo mtu wa kawaida hakuwa na nauli ya kwenda kuangalia mpira na kurudi. Nimefikiri sana namna ya kuwajibu, na jibu langu ni hili: mechi za Simba sisi tuliziona mwezi wa Desemba. Matokeo tuliyajua siku ileile, lakini namna bao lilivyofungwa, nani alikosea, nani aliruka na nani alianguka, hayo yalingoja mtu aliyekuwa uwanjani apande basi au treni, arudi kula Krismasi kihambani kwao.

Siku yenyewe ya mechi tulikuwa na redio. Sauti ya Ahmed Jongo, na baadaye ya Charles Hilary, kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, ilitosha kuwanyamazisha wachuuzi wa Mbuyuni kuanzia saa kumi jioni. Betri za National zilizochoka tulizianika juani tangu asubuhi ili zitufikishe angalau dakika ya tisini, na hata zikifika, mvua ikianza huko juu matangazo yalikatika, na upande wa Rombo idhaa za Kenya ziliingilia kati bila hodi. Watangazaji wale walikuwa na huruma mno kwa wasikilizaji wao: shuti lililopaa mbali kabisa tuliambiwa kwamba limepangusa mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa lango. Baada ya siku kadhaa lilifika gazeti, Uhuru au Mfanyakazi, likasomwa kwa zamu mpaka likachanika kwenye mikunjo. Hapo ndipo habari iliposimama, hadi Desemba.

Wasimulizi wetu hawakuwa watu wakubwa. Walikuwa wauza maduka wa Kariakoo, makarani, madereva, mafundi na wanafunzi wa vyuo, ila kwetu mtu aliyepanga chumba karibu na klabu, ambaye aliwaona wachezaji wakinunua karanga barabarani, alikuwa na cheo ambacho diwani hakukifikia. Alipokaa alipewa kipande kizuri cha ndafu, akaachwa amalize, kisha wazee wakaanza kumhoji. Alihojiwa kwelikweli. Aliulizwa alikaa upande gani wa uwanja, lango lililofungwa lilikuwa la upande upi, beki alikuwa anatazama wapi mpira ulipomiminwa, na kama alijibu kwa kubabaika walijua kwamba naye alisikiliza redio kama wao, akiwa Manzese. Wawili waliokuwa kwenye mechi moja walitenganishwa na kusikilizwa mmoja mmoja. Vizibo vya soda vilipangwa mezani, vyekundu vikiwa Simba, na bao likachezwa upya polepole hadi kila mzee aridhike. Nimeyaona marudio mengi kwenye televisheni tangu wakati huo, na bado nadhani hakuna lililochunguzwa kwa makini kama yale ya vizibo.

Mechi iliyosimuliwa kuliko zote ni ile ya Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao sita kwa bila, Abdallah Kibadeni akipachika matatu peke yake. Nilikuwa mtoto, na Krismasi ya mwaka ule nilidhani mabao yale yalifungwa wiki iliyotangulia, kwa namna yalivyokuwa bado ya moto. Inasimuliwa kwamba kule Old Moshi mnazi mmoja wa Simba alimpelekea jirani yake wa Yanga jani la isale, jani ambalo kwetu halikataliwi na aliyekosewa, akimwomba msamaha kwa niaba ya Kibadeni, na jirani, kwa kuwa mila ni mila, akalipokea huku akitukazia macho sisi wengine. Wenzetu wa Yanga hujibu hapo kwa kutukumbusha mabao matano ya Juni 1, 1968. Ni haki yao, nami nawaachia.

Mwaka 1979 msimulizi alitupa kazi zaidi, kwa sababu habari yenyewe haikuaminika. Simba ilifungwa nne bila na Mufulira Wanderers ya Zambia, hapahapa nchini, katika Klabu Bingwa Afrika. Watu wakazima redio wakaenda zao, na wengi hawakujishughulisha na mechi ya marudiano. Simba ikaenda Zambia ikashinda tano bila. Kuna wazee waliokufa wakiamini kwamba mtangazaji alichanganya majina ya timu. Mwaka 1988, Coastal Union ya majirani zetu wa Tanga ilipotwaa ubingwa, sisi tuliponea chupuchupu kushuka daraja, na Krismasi hiyo mazungumzo yalikuwa ya bei ya kahawa.

Hapa niseme neno juu ya Ushirika, kwa sababu vijana hawajui kwamba Moshi ilikuwa na timu yake katika ligi ya juu, na kwamba sisi tuliishabikia kwa moyo wote isipokuwa siku ambayo mgeni wake alikuwa Simba. Siku hiyo mtu mzima alivaa shati jeupe lisilosema chochote, akakaa katikati, na kupiga makofi kwa kila pasi iliyofika. Polisi Tanzania walipopanda ligi kuu mwaka 2019 na kuutumia uwanja uleule wa Ushirika, hadi waliposhuka mwaka 2023, niliwaona vijana wakiwa katika mtihani huohuo, na sikuwaonea huruma hata kidogo.

Lakini mliniuliza hasa juu ya 1993, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka ule Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Iliwatoa El Harrach wa Algeria, ikawatoa Sport Aviação wa Angola, ikaenda Abidjan, Ivory Coast, kucheza mechi ya kwanza ya fainali na Stella na kutoka suluhu. Mohamed Mwameja alikuwa langoni, George Masatu nyuma, Malota Soma na Edward Chumila mbele, na hapakuwa na mtu mwenye akili timamu, hata Yanga, aliyedhani kwamba kombe litapita Dar es Salaam bila kubaki. Mechi ya marudiano ilikuwa Novemba 27, katika ule Uwanja wa Taifa wa zamani ambao leo unaitwa Uhuru. Televisheni Bara haikuwapo, ilikuja mwaka uliofuata. Waliouza debe la kahawa kupata nauli walishuka. Sisi tuliobaki tulizunguka redio, na mbege ilikuwa imekwisha kuchachuka kwa ajili ya usiku.

Stella walishinda mbili bila. Mnayajua hayo. Msilolijua ni lile lililofuata, kwa maana halikuandikwa na gazeti lolote: wasimulizi walirudi Desemba, na hawakusimulia. Walishuka kwenye mabasi na mizigo yao, wakaenda ibada, wakachinja, wakala, na kila walipoulizwa juu ya fainali waliuliza nao kama ng'ombe wa fulani amezaa. Wazee walioandaa maswali tangu Novemba walikaa nayo. Kijana mmoja tuliyemtegemea sana, ambaye hakuwahi kukosa mechi na hakuwahi kushindwa swali, alituambia tu kwamba alitembea kwa miguu kutoka uwanjani hadi Kariakoo katikati ya maelfu ya watu na hakusikia mtu akizungumza. Vizibo vya soda havikupangwa. Kwa hiyo fainali kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa na klabu yetu hadi wakati huo, sisi watu wa Moshi hatukuiona. Tuliisikia jioni moja redioni, ikaishia hapo.

Baada ya hapo zikaja televisheni, kisha simu. Mwaka 2003, Simba ilipomvua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa mikwaju ya penalti kulekule Cairo, Juma Kaseja akipangua na Christopher Alex Massawe akifunga ule wa mwisho, habari ilikwisha kufika kila kijiji kabla wachezaji hawajavua viatu, na msimulizi aliyepanda na basi la Desemba alikuta watu wanamsimulia yeye. Kilichobaki kwetu mwaka ule ni jina tu. Massawe wote wa Machame walimpokea marehemu Christopher katika ukoo bila kikao. Zile tano bila za Mei 6, 2012 zilitazamwa kwenye vibanda umiza vya Majengo na Pasua na kila mtu akawa shahidi. Na ile ya Novemba 5, 2023, tuliyofungwa tano kwa moja na watani, nayo ilikuwa na mashahidi wengi mno kwa maoni yangu.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora. Ilikuwa na njaa ya habari, ilikuwa na uongo mwingi uliopambwa, na akina mama waliipenda Simba kwa kusikia kupitia dirisha la jikoni kwa sababu barazani hawakupewa kiti, jambo ambalo tawi letu limelirekebisha kwa kuchelewa. Ninachosikitikia ni kimoja: sikukuu inapofika sasa, aliyetoka Dar na aliyebaki Kiboriloni wameona mechi zilezile kwenye simu zilezile, kwa hiyo wakikaa pamoja kila mmoja anarudi kwenye simu yake.

Mei mwaka huu, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo nataka liwafikie waliokuwa mbali. Simba ilikuwa imefika tena fainali ya Afrika, ya Kombe la Shirikisho, miaka 32 baada ya Stella. Tulifungwa mbili bila na RS Berkane kulekule kwao Morocco, na marudiano yakachezwa Mei 25 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, yakaisha moja kwa moja, kombe likaenda Morocco. Tuliitazama pamoja tawini. Vijana walikuwa wamejiinamia, wengine wanalia waziwazi, na mimi natafuta maneno ya katibu, ndipo akasimama yule niliyemwita kijana hapo juu, ambaye sasa ni babu mwenye fimbo, akasema yeye alikuwapo ile ya kwanza. Akaanza kuisimulia. Alituambia alikaa upande gani, mpira wa bao la kwanza ulitokea wapi, Masatu alikuwa wapi, watu wa jukwaani walifanya nini na mikono yao. Mzee mmoja wa zamani, kwa mazoea, akamhoji. Alijibu yote. Tulikaa hadi saa sita usiku, na kijana aliyezaliwa baada ya kombe lile kupotea ndiye aliyekwenda kutafuta vizibo.

Tangu Mei wazee wetu wawili kati ya waliokuwa pale usiku ule wametangulia mbele ya haki. Familia zao zimo katika orodha ya kutembelewa na tawi wiki hii, kabla ya Krismasi, na mchango wa sukari na mchele upokelewe na mweka hazina kama kawaida.

Mengine ni ya kupanga. Taifa Stars wako Morocco katika Kombe la Mataifa ya Afrika, kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda, na Desemba 27 tunacheza na jirani Uganda. Tukutane tawini siku hiyo. Viti vya mbele ni vya wazee na mama zetu, simu zikae mifukoni hadi mapumziko, na kila aliyetoka mbali aje na mechi moja ambayo aliiona kwa macho yake, ya mwaka wowote, ajiandae kuhojiwa. Watani wa Yanga wamealikwa rasmi, kwa sababu siku hiyo jezi ni moja. Atakayekuja na ya kijani na njano hatafukuzwa, ila supu atajinunulia mwenyewe.

Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya 2026.

Katibu mstaafu wa tawi,
Moshi.