Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi wa Masuala ya Watu Wenye Ulemavu: Sisi tukifa, nani atakaa na wanetu mbele ya karani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi wa Masuala ya Watu Wenye Ulemavu,
Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kampala.

Mheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Busia. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili, hapa upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Tukisema "watoto" ni mazoea ya mdomo tu. Wengi wao wana ndevu, na wapo waliotimiza miaka thelathini. Hatukuandikii kuomba magodoro wala mabati. Ombi letu ni moja: tupewe njia ya karibu, isiyo na gharama kubwa, ya kuandikisha nani atamsaidia mwanetu kusimamia mali yake sisi tukishafariki, na nani atamchunga huyo msaidizi asiile.

Mgeni akifika Busia hakawii kuwaona watu wenye ulemavu wa miguu wakivusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wanabishana bei, na mambo ya forodha wanayajua kuliko mawakili. Hao wakipata mkopo wenye masharti ya haki na ofisi isiyo na ngazi, mengine wanayamaliza wenyewe. Naona mipango mingi ya serikali imetungwa kwa kuwafikiria wao, na si vibaya. Wetu wana shida ya namna nyingine. Wanahitaji mtu wa kukaa nao, kuwaeleza taratibu, kisha kuwaacha waseme wanachotaka. Mtu huyo sheria yetu haimjui.

Mwaka jana nilimsindikiza mwenzetu, mjane, kwenda benki kumfungulia mwanawe akaunti. Kijana anauza karanga kwenye steji ya teksi. Noti anazijua kwa rangi: ya buluu elfu mbili, ya kijani elfu tano, na ukimpa ya kijani kwa karanga za mia tano hakuruhusu uondoke kabla hujachukua chenji yako. Kitambulisho cha taifa anacho. Jina lake anaandika, polepole, ulimi umetoka nje. Karani akamuuliza kwa Kiingereza anataka akaunti ya aina gani. Kijana akamtazama mamake, akacheka. Yakaishia hapo. Hakuna aliyerudia swali kwa Kiswahili wala Kisamia. Tukaambiwa tulete amri ya mahakama.

Sijui kama yule karani anajua alichokuwa anatutuma. Tuna sheria ya enzi za mkoloni ya kusimamia mali za watu "wasio na akili timamu", na tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2018. Kwa njia hizo mahakama inatamka kwamba fulani hawezi mambo yake, kisha inamteua mwingine ashike mali. Kwa hiyo mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni amlipe wakili, atafute ripoti ya daktari, mwanawe atangazwe hadharani kuwa hana akili, ndipo aruhusiwe kumwekea akiba. Na likishatamkwa, kulifuta ni kesi nyingine. Mjane yule alikataa. Mimi pia ningekataa.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara ya 12 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki sawa ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zake na kupata mikopo ya benki, na kwamba nchi impe msaada anaouhitaji ili aitumie haki hiyo. Kamati inayosimamia mkataba ilipoitazama nchi yetu mwaka 2016, ilitaka tuachane na mtindo wa mtu kuamuliwa na mwingine, tuende kwenye mtindo wa kusaidiwa aamue mwenyewe. Baadaye ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, inayokataza ubaguzi katika huduma. Ni sheria tunayoishukuru, ila pale kaunta ya benki haikutusaidia kitu, kwa sababu karani hana fomu ya kujaza inayomtambua msaidizi.

Tunachofanya sasa, Mheshimiwa, ni ujanja. Laini ya simu ya mtoto tunaiandikisha kwa jina letu, na akiba yake tunaiweka humo humo. Mzazi akifa, ile pesa inahesabika ni ya marehemu. Ndugu wanaikuta, na asiyeweza kujieleza haipati. Au tunamwachia kaka mkubwa kwa maneno, "mdogo wako huyu, usimtupe." Kaka wengine ni watu wema sana. Lakini kaka ana mke, ana karo, na siku moja shamba la mdogo wake linauzwa kwa sababu ambazo siku hiyo zinaonekana za maana.

Utatuambia tuandike wosia. Kweli, tuandike, na kwenye kikundi tunahimizana, ingawa wengi bado wanaona ni kujiitia kifo. Mashahidi wawili si wagumu kupatikana. Asiyeacha wosia, mali yake inagawanywa kwa mafungu yaliyowekwa na marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022: asilimia 75 kwa watoto na wajukuu, 20 kwa mume au mke, 4 kwa ndugu tegemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Mtoto mwenye ulemavu ana fungu lake humo kama wenzake. Hata kwenye ardhi ya ukoo, Sheria ya Ardhi ya 1998 inabatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi ya kumiliki au kutumia ardhi. Kifungu hicho nimekisoma mbele ya wazee wa ukoo kwenye matanga, wakanyamaza kweli. Kwa hiyo kupata fungu si pagumu kama watu wanavyodhani. Pagumu ni kesho yake, fungu likishakuwa lake, mnunuzi akija na karatasi na kalamu na soda moja baridi.

Kwetu Waislamu, ambao kikundini ni karibu nusu, kuna fundo jingine. Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi haandikiwi wosia juu ya fungu lake ila warithi wenzake wakikubali. Baba hawezi tu kuandika, "nyumba hii yote ya Zaituni kwa kuwa hajiwezi." Njia zipo: hiba wakati mzazi yu hai, au wakfu ambao mapato yake yanamtunza mtoto. Lakini hiba inataka ikabidhiwe, na tunarudi pale pale: anayepokea kwa niaba ya Zaituni ni nani, na anahojiwa na nani? Masheikh wetu wako tayari kulizungumza hili. Hawajaitwa.

Upande wa fedha za serikali nitapita haraka. Mzee wa miaka 80 anapata shilingi 25,000 kwa mwezi, mjukuu wake asiyejiweza hapati, anasubiri uzee. Mpango wa Maendeleo ya Parokia (parokia ya kiserikali, si ya kanisa) unatenga asilimia 10 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, shilingi milioni moja kwa kaya, lakini ni mkopo, na mkopo unataka sahihi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi, tangu 2022 inamruhusu mwanachama mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuchangia miaka 10 kuchukua hadi nusu ya akiba yake. Mwenye kuuza karanga hamo humo.

Sasa tunachopendekeza. Kikundi chetu kina sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Haliwezi kufunguliwa na mmoja. Tunataka mali ya mtoto ikae hivyo kisheria. Mzazi na mwanawe waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi ya utawala chini ya wilaya, wamtaje msaidizi, wamtaje na mtu wa kumchunga msaidizi, asiwe wa tumbo moja naye. Mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe, kwa lugha yake, peke yake, na akisema "huyu simtaki", jina lifutwe. Hakimu apige muhuri. Ardhi isiuzwe bila watatu hao kusimama mbele yake. Mahakimu wa chini tayari wanatoa barua za usimamizi wa mirathi midogo. Hili si kubwa kuliko lile. Kisha Benki Kuu iziambie benki na kampuni za simu kwamba karatasi hiyo inatosha. Kuna sehemu za Canada, kama British Columbia, ambako mtu wa namna hii anaandikishiana na msaidizi wake bila kupitia mahakamani kabisa. Hatuombi kuiga, tunakuonyesha kwamba linafanyika.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba maafisa wa gombolola wana kazi nyingi na hawana mafuta ya pikipiki. Ni kweli, na yule wa kwetu nimemwona akitembea kwa miguu. Ndiyo maana tunaandika sasa, bajeti ikiwa bado haijasomwa Juni.

Fomu tumeshaandika rasimu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiingereza, na tumeiambatisha. Kipengele cha nne tuligombana sana: kama msaidizi alipwe kitu au asilipwe. Wizara itusaidie hapo.

Wako mtiifu,
Katibu, kikundi cha wazazi, Busia

Nakala: Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa Serikali, wabunge watano wa watu wenye ulemavu, afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, Busia.