Maji ya uti wa mgongo yasiwekwe kwenye friji

Mhariri,

Kila habari za amiba "anayekula ubongo" zinapotoka Kerala, India, au Karachi, Pakistan, magazeti yetu huishia kuwaonya watu wasiogelee ovyo. Onyo si baya, ila linawaacha wahudumu wa hospitali za wilaya bila jambo la kushika. Amiba huyo, Naegleria fowleri, huonekana kwa hadubini ileile tunayotazamia vimelea vya malaria. Tatizo ni kwamba hatafutwi.

Mgonjwa huja na homa kali, kichwa kinamuuma, anatapika, shingo imekakamaa. Maji ya uti wa mgongo yanaonyesha seli nyeupe nyingi, protini imepanda na sukari imeshuka, sawasawa na homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Slaidi ya Gram, yaani iliyotiwa rangi ya kutafutia bakteria, haina bakteria, maabara inaandika "hakuna vijidudu", mgonjwa anaendelea na seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Slaidi hiyo haikuweza kumwonyesha amiba: kuikausha na kuipitisha motoni humharibu. Kwenye chemba ya kuhesabia seli nako, akitulia, huhesabiwa kuwa seli nyeupe.

Sampuli isipoozwe. Baridi humfanya amiba aache kutembea, na hata meningokokasi, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hufa kwa baridi, kwa hiyo friji haimsaidii yeyote. Mara tu sampuli ifikapo, weka tone kwenye slaidi, lifunike, punguza mwanga wa kondensa ya hadubini, tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10 kisha ya mara 40. Seli nyeupe hujikokota mno. Amiba husukuma mguu butu mbele na mwili ukaufuata, ukiona wazi kwa macho. Slaidi ya pili ipakwe Giemsa, rangi ileile ya malaria: kiini chake kina nukta moja kubwa katikati. Ukitaka uhakika zaidi, tia tone la sampuli kwenye mililita 1 ya maji yaliyotoneshwa, uache kwenye nyuzi 37, uangalie kila baada ya saa moja kama ameota mikia miwili. Asipoota, usiseme bado kwamba hayupo.

Daktari naye aulize: katika wiki 2 zilizopita, maji yaliingia puani? Si kuogelea tu. Karachi wagonjwa wengi hawakuwa wameogelea popote, na kilichoshukiwa ni maji ya bomba yenye klorini haba, yaliyopandishwa puani wakati wa udhu. Swali hilo linatuhusu. Kuyanywa maji hayo hakuleti ugonjwa huu.

Amiba akionekana, maabara isisubiri fomu irudi wodini, ipige simu. Dawa ya kwanza ni amfoterisini B, ileile wanayopewa wagonjwa wa VVU wenye kriptokokasi, fangasi wa ubongo. Wanaopona ni wachache, na karibu wote waligunduliwa mapema.

Amiba wengine, Acanthamoeba na Balamuthia, huushambulia ubongo polepole, kwa wiki kadhaa, na kwenye picha za ubongo hufanana na TB. Maji ya uti wa mgongo huwaonyesha kwa nadra. Hao ni wa hospitali ya rufaa, ambako hupimwa kipande cha ubongo.

Kwenye jicho, Acanthamoeba huwapata wanaoosha lenzi za kuvaa kwa maji ya bomba, na pia mkulima aliyechomwa na jani akanawa maji ya dimbwi. Dalili ya kushuku ni maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana. Mara nyingi huitwa hepesi, ugonjwa wa virusi, mgonjwa akauziwa matone yenye steroidi, wekundu ukapungua huku amiba akizama ndani ya konea, kioo cha mbele cha jicho. Ikwanguliwe kwanza, ukingoni na chini ya kidonda. Slaidi ya KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 10, ileile ya fangasi, huonyesha amiba waliojifungia ndani ya vifuko vyenye kuta mbili, wa nje umekunjamana. Mkwanguo mwingine upandwe kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) isiyo na lishe iliyopakwa bakteria wa E. coli, nyuzi 30, utazamwe kila siku kwa lenzi ya 10 hadi siku 7 zitimie. Matone ya steroidi yasubiri majibu hayo.

Wataalamu wa maabara,
Morogoro