Chekivalvu kwenye bomba za majumbani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Tabata maji yakianza kusuasua kila mtu anawasha pampu anavuta moja kwa moja kwenye laini, sasa presha ikishuka hivyo na jirani ana mpira umezama kwenye pipa la kufulia, lile povu linanyonywa linarudi kwenye bomba na wewe ndo unakinga ndoo ya kunywa. Wenye visima vya maji chumvi waliounga na laini ya mtaa ndo usiseme.

Fundi akufungie chekivalvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, hayarudi) baada ya mita, mshale uelekee nyumbani (wapo wanaofunga kinyume, afu wanasingizia mgao). Kuipima siyo kazi, funga koki ya mita, fungua bomba lililopo kati ya mita na valvu huku laini ya ndani ina maji ya tanki la juu, yakiendelea kuchuruzika ujue mpira wa ndani umekwisha au mchanga umekwama. Valvu za hoteli, hospitali na za waosha magari mi naona zikaguliwe kila mwaka, miji mingi Marekani wanafanya hivyo. Wahusika mnangoja nini?

Mpangaji, Tabata